Hodi kwenye Ini

Siku ile mjinga alikuwa Nkwabi mwenyewe, na tusipoteze muda kumtafuta mwingine. Mtambo ulifanya ulichofundishwa. Mgonjwa alisema kilichompata. Aliyekuwa katikati yao, mwenye kidole cha kubonyeza, ndiye aliyecheka.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, foleni imeshafika kwenye mabomba ya kunawia. Kituo cha afya cha Skimu ya kilimo ya Nyakabwe kilikuwa na mpimaji mmoja, Nkwabi, mabenchi manne na mkanda mmoja. Kwenye makaratasi ya serikali mkanda huo ulikuwa na jina refu lililoishia na namba; watu wa skimu waliuita Hodi. Ulifungwa chini kidogo ya kifua, na vigongeo vyake vinane vikaanza kubisha kwenye mbavu za kulia: ko, ko, ko. Ini likiwa gumu, mbisho ulipita mbio. Likiwa laini, mbisho ulijikokota. Hodi ilipima mwendo huo ikatoa namba. Mwanzoni watu waliitikia "karibu" kwa mzaha. Baada ya miaka minne mzaha ulikwisha yakabaki mazoea, na ungemkuta mzee mzima mwenye wajukuu amelala chali, macho darini, anaitikia kwa heshima zote, "Karibu. Karibu. Karibu ndani."

"Anayefuata!" Nkwabi aliita. "Na kama ni Mrufiji, aje na barua ya mwenye nchi."

"Mwenye nchi ndiyo wewe? Wewe uliyechunga ng'ombe wa baba yako mpaka ng'ombe wenyewe wakakuonea huruma?"

Benchi lote liliangua kicheko. Aliyejibu alikuwa Siwajui, mama wa miaka hamsini na tano, mwembamba, tumbo limemtangulia kidogo upande wa kushoto. Yeye na wenzake walikuja kando ya ziwa miaka kumi na minane nyuma, bahari ilipomaliza kuyameza mashamba yao ya mpunga kule deltani. Waliteremka kwenye malori na majembe yao, wakakuta Wasukuma wamejipanga kuwapokea kwa matusi ya utani, maana utani wao ni wa tangu enzi za mababu kubeba mizigo kwenda pwani. Wakatukanana wakalia wakacheka, kisha wakapewa majaruba, wakaingia majini kupanda mpunga. Na majini wakabaki.

"Lala hapo, mtani," Nkwabi alisema. "Mwaka jana nilikuambia ufe, hukusikia."

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie ukanifagilie."

Hodi iliwaka. "Tafadhali taja jina lako," ilisema kwa sauti yake ya mtangazaji aliyeshiba.

"Siwajui."

"Samahani. Tafadhali taja jina lako."

"Si nimekwambia, Siwajui!"

"Samahani sana. Kama huwajui, tafadhali taja jina lako tu."

Watu walishika mbavu. Nkwabi aliandika jina kwa mkono, kama alivyoandika kila mwaka, huku machozi ya kicheko yakimlenga. Tuseme ukweli, alikuwa anaipenda kazi yake. Alikuwa ameonja nyingine. Aliwahi kuchimba mitaro, akavunjika bega. Aliwahi kuwa na mke, akavunjika zaidi. Pale kwenye mkanda ndipo alipogundua kwamba mgonjwa akicheka mbavu hulegea, na mbavu zikilegea Hodi hupima bila kurudia. Mzaha wake ulikuwa sehemu ya vifaa.

Yakafuata maswali. Awamu ya kwanza ya mpango wa serikali wa kupima maini kulikuwa na mkanda, maswali, na tone la damu kidoleni la kuhesabu chembe zinazogandisha damu. Awamu ya tatu tone liliondolewa. Bango jipya likabandikwa mlangoni: HAKUNA KUTOBOLEWA, HAKUNA KUVULIWA, DAKIKA TATU TU. Yakabaki maswali matano, na mpimaji ndiye aliyebonyeza majibu, kwa sababu Hodi ilishindwa kuelewa lafudhi za watu wa skimu.

"Unapata homa?"

"Nikikuona wewe, ndiyo."

Nkwabi akabonyeza Hapana.

"Miguu inavimba?"

"Ndiyo, kwa kukupiga mateke ndotoni."

Hapana.

"Umewahi kutapika damu?"

Hapo Siwajui aligeuza macho darini. Halafu akasema, kwa sauti ileile, "Ndiyo. Juzi. Bakuli zima, mtani. Nyekundu kama nimechinjwa na Msukuma asiyejua kuchinja."

Nkwabi alicheka mpaka akashikilia ukingo wa kitanda. Nyuma yake mtu alipiga kofi bega la mwenzake. Siwajui naye alicheka, kicheko kifupi, mkono tumboni. Na Nkwabi, akiwa bado anafuta macho kwa mkono wa kushoto, kwa kidole cha kulia akabonyeza Hapana.

Ko, ko, ko.

"Karibu," Siwajui aliitikia.

Hodi ilitoa namba: tisa. Chini ya ishirini ni kijani. Kadi ilitoka mashineni ikiwa bado ya moto, nayo ilisema mishipa ya umio wake haikuhitaji kuangaliwa kwa mpira wenye kamera. Arudi baada ya mwaka mmoja.

"Umeponea," Nkwabi alisema.

"Haya," alisema Siwajui, akaiangalia kadi pande zote mbili kama anatafuta palipobaki maneno mengine. Akaenda.

*

Jumatano saa sita mchana Siwajui alikuwa kwenye mashine ya kukoboa, anapepeta. Alitapika kwenye ungo. Binti yake, Tabu, alikuwa amesimama hatua mbili tu, na alisema baadaye kwamba alidhani mama amemwagikiwa rangi ya mlango, ilivyokuwa nyingi na ilivyong'aa juu ya pumba. Walimpakia kwenye guta la kubebea magunia wakamkimbiza kituoni.

Daktari Editha alimpokea kwa mikono miwili na dripu mbili. Damu ilisimama yenyewe baada ya robo saa. Kisha akaweka kadi ya Siwajui kwenye kisomeo, na skrini ikajibu bila kusita: Kadi ya kijani. Mishipa ya umio haihusiki. Chanzo kinachodhaniwa: kidonda cha tumbo. Mpe dawa ya vidonda kwa siku saba.

"Nkwabi, njoo," daktari aliita. "Lete mkono."

Aliushika mkono wa mpimaji wake akauweka kwenye tumbo la Siwajui aliyekuwa amelala usingizi wa kuchoka, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kulikuwa na kitu kigumu chenye ukingo, na ukingo huo ulishuka mpaka karibu na kitovu.

"Hii ni nini?"

"Bandama."

"Ya ukubwa gani?"

"Ya watu wawili," Nkwabi alisema. Mdomo ulizoea kutangulia. Hakuna aliyecheka.

Daktari alimvuta hadi dirishani. Alikuwa mwanamke mfupi wa Bukoba, aliyeongea taratibu hata akiwa na hasira, na siku hiyo aliongea taratibu mno.

"Nisikilize. Hodi ilifundishwa kwa maini ya watu wa mbali. Walevi, wenye virusi. Ini la hao linakauka lote, linakuwa tofali. Ukibisha, tofali linajibu. Hawa wetu wana kichocho, wameshinda majini miaka kumi na minane. Mayai ya minyoo yanakwama kandokando ya mishipa ndani ya ini, mishipa inashika makovu, inakuwa migumu na myembamba kama mabomba ya chuma yaliyopita kwenye sponji. Nyama katikati imebaki laini. Hodi inabisha kwenye sponji, sponji inajibu: mimi mzima. Wakati huohuo damu imekosa pa kupita. Inarudi nyuma, inajaza bandama, inapanda kwenye umio, na mishipa ya pale inavimba mpaka inapasuka. Kama leo."

"Na ulijua hayo?"

"Nimeandika barua tatu. Ya tatu walinijibu. Walisema suala langu limezingatiwa tangu mwanzo, ndiyo maana swali la kutapika damu lipo. Mkanda ukikosea, swali litamdaka. Akijibu ndiyo, namba haiangaliwi, anakwenda moja kwa moja kwenye mpira, mishipa ikafungwe." Akamtazama. "Hapa inaonyesha alijibu hapana."

Nje mtu alikuwa anasugua guta lile, anaosha sakafu yake kwa ndoo. Nkwabi alisikiliza maji yakimwagika mpaka yakaisha.

"Alijibu ndiyo, daktari."

"Sasa?"

"Nilidhani ni utani."

Daktari Editha aliikodolea skrini tena. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena.

"Geuza kadi yake," Nkwabi aliomba. "Iandike nyekundu."

"Kidole changu hakina ruhusa hiyo. Kijani haigeuzwi mpaka baada ya siku tisini. Njia ni moja tu, nayo unaijua."

Aliijua. Wapimaji wote waliijua na hawakuitaja mezani. Iliitwa Kukiri. Mpimaji akikiri kwamba aliandika jibu ambalo hakupewa, mgonjwa yule hupata kadi nyekundu saa ileile, na kipanga, ile ndege isiyo na rubani inayobeba wagonjwa sita, hutumwa kumpeleka hospitali yenye mpira kabla jua halijazama. Lakini kidole kilichodanganya mara moja hakiaminiki tena. Wote waliopimwa na kidole hicho husimamishwa, hata aliyekwisha kufikishwa hospitali, mpaka mpimaji mwingine awapime upya.

"Mpimaji mwingine atafika lini?"

"Wa karibu yuko visiwani. Miezi miwili, wakifanya haraka. Na hawajawahi kufanya haraka."

"Na wenye kadi nyekundu niliowapima?"

"Thelathini na mmoja. Sita wa kwanza wanaondoka kesho, Alhamisi. Tabu ni mmoja wao."

Tabu, binti wa Siwajui, alikuwa ametapika damu mwezi wa tatu. Yeye si mtu wa utani; alilijibu swali la Hodi kwa kulia, na Nkwabi akabonyeza Ndiyo bila kufikiri mara mbili.

"Wote hao wanaweza kungoja miezi miwili?"

"Baadhi."

"Wangapi?"

"Mimi si Hodi, Nkwabi. Sina namba ya kukupa."

"Na huyu, asipopata mpira?"

"Pale kwenye umio kuna donge limeziba. Litang'oka. Inaweza kuwa wiki ijayo, inaweza kuwa keshokutwa. Likishang'oka, mimi hapa nina dripu na maneno mazuri, basi."

*

Nkwabi alirudi kwenye chumba chake, akafunga mlango, akafungua ukurasa ule.

"Umechagua Kukiri," Hodi ilisema kwa ule upole wake wa kushiba. "Asante kwa uaminifu wako. Hatua hii itawagusa watu thelathini na mmoja. Ungependa kusoma majina yao?"

Alibonyeza Ndiyo. Majina yakapanda, na kila jina lilikuja na sura yake. Mhoja fundi pampu, aliyekuwa akiitikia "karibu" kwa Kisukuma ili mkanda usielewe siri zake. Wale dada wawili wa jaruba la saba waliogombania nani atangulie kupimwa. Mwalimu wa darasa la pili aliyeuliza kama namba yake ni ya kufaulu, na Nkwabi akamwambia amepata alama za juu kuliko wote, na mwalimu akacheka, na alikuwa kweli amepata za juu kuliko wote. Karibu kila mmoja alikuwa amemchekesha. Yeye hakumsahau hata mmoja.

Chini ya majina kilikuwepo kitufe. Juu ya kitufe sekunde zilikuwa zinapungua kutoka sitini. Zilipoisha, ukurasa ulijifunga wenyewe.

Aliufungua tena. Akaweka kidole juu ya kitufe, sentimita moja hewani. Ukurasa ulijifunga.

Mara ya tatu Hodi iliuliza kama anahitaji msaada wa kusoma.

Basi akakaa pale, jitu zima la miaka arobaini na mbili, na akaanza kujijengea hoja. Mwili ni wa nani? Wa Siwajui. Uhai ni wa nani? Wa Siwajui. Binti ni wa nani? Wake pia. Sasa mimi ni nani wa kumwamulia? Kumwamulia ni dharau. Heshima ni kumuuliza. Hoja ilizidi kumpendeza kadiri alivyoizungusha, na kifua kikaanza kupata hewa. Alinyanyuka karibu na furaha. Huo ulikuwa ujinga wake wa pili wiki hiyo, na wa kwanza ulikuwa na nafuu, kwa sababu wa kwanza aliufanya bila kufikiri.

*

Saa kumi jua lilikuwa limeingia wodini mpaka kwenye miguu ya kitanda. Siwajui alikuwa ameamka, midomo imepauka kama iliyopakwa unga. Tabu alikaa pembeni yake anampepea kwa kawa.

"Mwadila, mtani," Siwajui alimsalimu Kisukuma kwa sauti ndogo. "Umekuja kunipima sanda?"

Nkwabi aliuacha utani mlangoni. Akavuta kigoda, akakaa, akaeleza yote. Alieleza kidole chake. Akaeleza sponji na mabomba, kadi ya kijani, Kukiri, kipanga, watu thelathini na mmoja, miezi miwili. Alipofika kwenye jina la Tabu alitazama sakafu.

Kawa liliacha kupepea.

"Kwa hiyo alikwambia," Tabu alisema. "Mama alikwambia ametapika damu, mbele za watu, na wewe ukacheka."

"Alisema kwa utani, Tabu. Kila mwaka anajibu hivyo hivyo."

"Nilisema kwa mdomo niliokuwa nao," Siwajui alisema. "Ningesema bila utani, ningeangua kilio pale benchini, na nyumbani nani angepika? Nilidhani mtani wangu atasikia."

"Nisamehe."

"Msamaha tutauongea baadaye," Tabu alidakia. "Nenda kakiri. Sasa hivi. Kipanga kije."

"Na wewe?"

"Mimi nitangoja."

"Utangoja na nini? Mwezi wa tatu uliletwa hapa umezimia. Na si wewe tu, kuna thelathini wengine. Mhoja ana watoto wanne!"

"Mhoja hakumbonyezea mama yangu Hapana!"

"Wala hajakosa chochote! Hao wote hawajakosa chochote, Tabu, ndiyo ninachokwambia. Nikikiri, nimeua watu nisiowajua idadi. Nisipokiri—"

"Usipokiri nini? Malizia."

Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa aligeukia ukutani, kwa adabu ya mtu anayejifanya amelala.

"Nenda," Tabu alisema tena, na safari hii sauti ilimkatika. "Kaka Nkwabi, nakuomba. Kama ni nafasi yangu, nimeitoa. Chukua. Nani kakukataza?"

"Huwezi kuitoa yako peke yake. Haiendi peke yake."

"Basi mbona umekuja? Umekuja kutuambia kwamba unajua?"

"Nimekuja kumuuliza mwenyewe." Akageukia kitanda, akaushika mkono wa Siwajui uliokuwa hauna dripu. Ulikuwa wa baridi. Hapo ndipo alipoitoa ile hoja yake, aliyoikuna na kuisugua mchana kutwa. "Mtani, mwili ni wako, na binti ni wako. Mimi sina haki ya kukuamulia. Ukiniambia nikiri, nakwenda nakiri, haidhuru kitakachotokea. Ukiniambia nisikiri, nitanyamaza, na hakuna atakayejua. Sema wewe. Lolote utakalosema, nitaliheshimu."

Tabu alimtazama mama yake, kisha akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kisichofaa kuonwa.

Siwajui alimeza mate, akasikilizia yanavyoshuka. Halafu akauchomoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mkono wa Nkwabi, akauweka juu ya shuka, mbali naye.

"Nkwabi," alisema. Miaka kumi na minane hakuwahi kumwita kwa jina. "Kufa nife mimi, na ruhusa niitoe mimi. Sasa wewe mpimaji, kazi yako ni ipi?"